Semboja wa Mazinde: mshindi wa vita aliyekiacha kiti cha Vuga

Anayesafiri kwa basi kutoka Same kwenda Korogwe hupita Makanya, Hedaru na Mkomazi huku milima ya Upare ikiwa mkono wake wa kushoto. Milima hiyo ikishaisha, ya Usambara inaanza, nayo imesimama kama ukuta. Kabla ya kufika Mombo kuna Mazinde. Wengi wetu hupita hapo tukiwa tumesinzia, au tukitafuta chenji ya kununulia machungwa dirishani.

Zaidi ya miaka 130 iliyopita, mtu wa Upare aliyesikia jina la Mazinde hakusinzia. Hapo alikaa Semboja, mwana wa mfalme, mpiganaji, na mwenye biashara ya pembe za ndovu na ya watu. Aliongoza upande ulioshinda katika vita vilivyouvunja ufalme wa Usambara. Aliposhinda, hakwenda kukaa katika kiti cha babaye. Alimweka mwanawe huko juu, yeye akabaki chini, kando ya njia.

Uamuzi huo ndio unaotufanya tumkumbuke leo. Wafalme waliopigania viti ni wengi, ila aliyekishinda kiti kisha akakiona hakimfai ni nadra. Tukielewa kwa nini alifanya hivyo, tutaelewa pia jambo linalotuhusu sisi wa Same: kwa nini vijiji vyetu vya zamani viko juu milimani, na miji yetu mikubwa ya leo iko chini tambarare.

Mtoto wa mzee aliyeishi mno

Tuanze na baba yake. Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, hujihesabu kuwa wazao wa Mbegha, mwindaji aliyetoka upande wa Ung'uu katika karne ya 18. Wasambaa husimulia kwamba aliwaua nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakamfanya mtawala wao. Mji wake mkuu ukawa Vuga, juu mlimani.

Aliyeufikisha ufalme huo kileleni ni Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu karibu mwaka 1815 hadi alipofariki mwaka 1862. Ni miaka karibu 50. Nguvu yake ilitoka Vuga ikashuka hadi pwani, ambako aligawana mamlaka na Sultani wa Zanzibar, na kwa upande wetu ikagusa Gonja. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Wazungu wengine wawili, Burton na Speke, walimkuta mwaka 1857, akiwa tayari mzee sana.

Kimweri alitawala kwa watoto. Alioa wake wengi, akazaa wana wengi, na kila mwana aliyekua alipewa sehemu ya nchi aitawale. Semboja alikuwa mmoja wao. Ulikuwa mpango mzuri mradi baba yupo, kwa sababu hakuna mwana anayemwasi baba yake hadharani. Ushuru ulipanda Vuga: ng'ombe, vyakula, pembe. Mfalme aliitwa Simba Mwene, na watu waliamini kuwa mvua iko mikononi mwake. Wasambaa husema kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu, asiye na mshindani, huiponya nchi. Wakiwa wawili wanavutana, mvua hukata.

Tatizo la Kimweri ni kwamba aliishi muda mrefu mno. Mshuza, mwanawe aliyetarajiwa kumrithi, alitangulia kufa. Mzee alipofariki, kiti kilikwenda kwa mjukuu, Shekulwavu, mwana wa Mshuza.

Hebu tufikirie hali ya kijana huyo. Kwa desturi, mfalme mpya aliwaweka watoto wake mwenyewe wawe watawala wa sehemu mbalimbali. Shekulwavu alikuwa kijana, hakuwa na watoto wakubwa wa kuwapa nchi. Kila alikogeuka, aliyekuwa akitawala ni baba yake mdogo au baba yake mkubwa, mtu aliyemwona alipokuwa akitambaa. Angewaamuru vipi? Katika familia zetu tunajua jinsi ilivyo vigumu hata kugawa shamba la ekari mbili babu akifariki na wajomba na baba wadogo wote wako kikaoni. Hapa iliyogawanywa ilikuwa nchi nzima.

Kushuka kwenda njiani

Semboja alikuwa ameshaona jambo ambalo wengine waliobaki mlimani hawakulitilia maanani. Utajiri ulikuwa unahama.

Zamani mtu mwenye nguvu alikuwa mwenye watu na mashamba, na watu na mashamba vilikuwa mlimani, kwenye mvua. Tambarare ilikuwa nyika ya joto, ya Wamasai na wanyama. Lakini kadiri karne ya 19 ilivyosonga, pembe za ndovu zilipanda bei, na misafara ya wafanyabiashara kutoka Pangani ikaongezeka. Ilifuata bonde la mto Pangani kupitia Korogwe, ikapita chini ya milima ya Usambara, kisha ikaelekea kwetu. Mingine ilishika upande wa Ruvu, magharibi ya milima ya Upare. Mingine ilizunguka mashariki kupitia Gonja na Kisiwani hadi Taveta na Kilimanjaro.

Msafara wa watu mia mbili au zaidi unahitaji maji, chakula na ruhusa. Mwenye kuvitoa huyashika mapato. Mazinde palikuwa mahali pake hasa: chini ya mteremko wa magharibi wa Usambara, mlima nyuma, tambarare mbele, na njia ikipita mlangoni. Semboja akashuka mlimani, akafanya makao yake hapo.

Alikaa kama mtu wa pwani. Alivaa mavazi ya pwani, alizungumza Kiswahili, na Waswahili na Waarabu wa Pangani walikuwa wageni na washirika wake. Wapo wazee wa mlimani ambao bila shaka walimwona kama mtoto wa kifalme aliyepotea, anayeishi kwenye joto na wafanyabiashara. Ila wafanyabiashara hao walileta bidhaa moja ambayo Vuga haikuwa nayo ya kutosha: bunduki na baruti.

Wazigua wa ng'ambo ya mto walikuwa wametangulia katika jambo hili. Walipata bunduki mapema kwa biashara yao na pwani, na hata enzi za Kimweri walikwisha kuondoa mkono wake katika tambarare. Kwa hiyo Semboja hakubuni kitu kipya. Alijifunza kwa jirani aliyekuwa akiwashinda.

Vuga inateketea

Vita kati ya Semboja na Shekulwavu havikuchelewa kuja baada ya mzee kuzikwa. Hatutaingia katika kila ugomvi uliotajwa kuwa chanzo, maana katika familia iliyokwisha kugawanyika hata neno dogo hutosha. La msingi ni kwamba baba mdogo alikuwa na bunduki na njia, na mtoto wa kaka alikuwa na kiti na haki ya mvua.

Karibu na mwaka 1868 Semboja aliita wapiganaji kutoka nje ya Usambara, wakiwemo Wataita na Wazigua, wakapanda Vuga. Mji wa wafalme ulichomwa moto. Shekulwavu alikimbia, na hakupita muda mrefu akafa akiwa nje ya kiti chake.

Kitendo hicho kilikuwa kizito kuliko kushindwa kwa mfalme mmoja. Vuga palikuwa mahali penye makaburi ya wafalme na panapotokea mvua. Mwana wa Kimweri mwenyewe aliwaleta wageni wapachome. Tukimhukumu Semboja kwa mizani ya Wasambaa wenyewe, hapo ndipo alipoiharibu nchi, na sisi hatuoni sababu ya kumtetea.

Kisha likaja lile tulilolitaja mwanzo. Njia ya kwenda Vuga ilikuwa wazi, na hapakuwa na wa kumzuia. Semboja akamweka mwanawe kijana, Kimweri Maguvu, awe Simba Mwene wa Vuga. Yeye akarudi Mazinde.

Alijua anachofanya. Vuga ilikuwa na heshima, lakini misafara haipandi Vuga. Angehamia mlimani, mtu mwingine angekaa Mazinde, na huyo mwingine ndiye angekuwa mfalme wa kweli. Tangu siku hiyo kiti kilikuwa juu na amri ilikuwa chini. Mwana alipokea heshima za wafalme, baba alipokea pembe, nguo na baruti.

Aliyelipa ni nani

Semboja alishinda Vuga, lakini hakuipata nchi nzima. Ndugu zake Shekulwavu, akiwemo Kibanga, waliendelea kumpinga kutoka mashariki ya Usambara, na mapigano ya kuviziana yaliendelea kwa miaka mingi, hadi Wajerumani walipofika. Wabondei, waliokuwa chini ya Wakilindi kwa upande wa pwani, waliinuka wakawaua na kuwafukuza watawala hao. Uasi huo unajulikana kwa jina la Kiva. Wabondei walikuwa wamechoka kutawaliwa na watu wanaowauza.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Bunduki hununuliwa, na baruti ikilipuka imekwisha, lazima inunuliwe tena. Pembe zilipopungua, watawala wa pande zote walikuwa na kitu kimoja tu ambacho pwani ilikitaka muda wote, nacho ni watu. Mashamba ya miwa ya Pangani na ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji mikono. Mateka wa vita waliuzwa. Walioshindwa kulipa faini waliuzwa. Wanawake na watoto waliokutwa shambani au kisimani walichukuliwa, kwa sababu walikuwa rahisi kuchukuliwa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Uingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Ungedhani mambo yalikwisha. Hayakwisha. Mashamba ya bara, karibu na Pangani, yaliendelea kununua, na majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri usiku kwenda Pemba, ambayo iko karibu. Njaa ya miaka ya 1884 na 1885 iliongeza maumivu, kwani wapo waliojitoa wenyewe au kuwatoa watoto wao rehani ili wapate chakula.

Upare ya Kusini ilikuwa ndani ya njia hiyo hiyo. Misafara ilipenda kupumzika upande wa Gonja na Kisiwani kwa sababu kulikuwa na maji na chakula. Wapare walikuwa wakulima wa umwagiliaji tangu zamani, na ndiva zetu na mifereji yake iliwalisha wapita njia wengi. Biashara hiyo ilikuwa na faida: chakula kwa nguo, kwa shanga, kwa waya. Ila mgeni huyo huyo aliyenunua mahindi mchana angeweza kurudi usiku na wenzake wenye bunduki. Na baadhi ya watawala wadogo wa kwetu, ni lazima tuseme, walijifunza haraka kuuza majirani wa kilima cha pili kabla hao hawajawauza wao.

Watu wakabaki juu. Mbaga, Chome, Mamba, Usangi na Ugweno zilikuwa na sababu nyingine nzuri za kukaliwa, yaani mvua, udongo, migomba, na huko kaskazini chuma cha wahunzi wa ukoo wa Washana. Lakini kutoka uwandani palikuwa pa hatari kuliko wakati mwingine wowote, kwa wateka nyara upande mmoja na mashambulizi ya Wamasai upande mwingine. Ukimwona bibi akipanda mlima saa mbili na mzigo kichwani kutoka gulioni, jua kwamba babu zake hawakuchagua kilele kwa sababu ya mandhari.

Bendera mpya Pangani

Semboja alizeeka akiwa na nguvu. Miaka ya 1880 Wazungu wengi zaidi walipita njia yake, wengine wakitafuta Kilimanjaro, wengine mikataba. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipewa na Sultani ruhusa ya kusimamia pwani, na mwezi Agosti ikapandisha bendera yake Pangani. Watu wa Pangani walikataa, wakiongozwa na Abushiri bin Salim.

Wakati huohuo Wajerumani Hans Meyer na mwenzake Oscar Baumann, aliyetoka Austria, walikuwa Usambara na msafara mkubwa, wakielekea Kilimanjaro. Vita vilipozuka wapagazi wao walitawanyika. Wao wenyewe walikamatwa na watu wa Abushiri, wakafungwa minyororo, wakaachiliwa baada ya fidia kulipwa. Mizigo yao mingi iliishia mikononi mwa Semboja. Mzee wa njia aliona msafara hauna mwenyewe, akafanya alichokuwa akikifanya siku zote. Meyer aliporudi mwaka 1889, safari aliyofika nayo kilele cha Kibo, aliiepuka Pangani, akaanzia Mombasa.

Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Semboja hakumfuata katika kupigana hadi mwisho. Alisoma hali, akapatana na Wajerumani. Tunaweza kumwita mwoga, lakini hesabu yake ilikuwa ileile ya siku zote: mwenye bunduki nyingi zaidi ndiye mwenye njia, na safari hii hakuwa yeye. Wajerumani nao walikuwa na macho. Mwaka 1891 Wissmann alipopandisha askari wake kupitia bonde la Pangani kwenda kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, walijua pia ni wapi pa kuweka kituo cha askari. Waliweka Mazinde.

Tangu hapo aliyesimamisha misafara hapo alikuwa askari wa serikali. Semboja aliendelea kuishi mahali alipopachagua yeye mwenyewe, akiangalia wengine wakipafaidi. Ugonjwa wa sotoka uliosambaa mwanzoni mwa miaka ya 1890 uliua ng'ombe nchi nzima, na Wamasai waliotisha tambarare wakabaki maskini. Dunia aliyoizoea ilikuwa ikimwondokea.

Kimweri Maguvu alifariki mwaka 1893, kiti cha Vuga kikaenda kwa Mputa wa upande huohuo wa ukoo. Mwaka 1895 ulikuwa mwaka wa mwisho wa nyumba hiyo. Semboja alifariki. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga Mputa baada ya kumuua mtu aliyedaiwa kuwa na uhusiano na mkewe. Kwa desturi ya Wakilindi, uhai wa watu ulikuwa mikononi mwa Simba Mwene. Wajerumani walitaka ieleweke kwamba sasa uko mikononi mwao.

Kisha wakatafuta mtu wa kumweka Vuga. Walimchagua Kinyashi, mwana wa Shekulwavu, yule mjukuu wa Kimweri ambaye Semboja alikuwa amemfukuza kwa moto miaka karibu 27 nyuma. Kiti kikarudi kwa nyumba ile ile kilikotoka, lakini kikiwa kimebaki kiti tu.

Habari nyingi za watu hawa tunazo kwa sababu ya mtu mmoja wa zama zao, Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, aliyewajua Wakilindi kwa karibu, akaandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Ni kitabu kinachostahili kutafutwa na kila shule ya Tanga na Kilimanjaro, na kwa bahati mbaya shule nyingi hazina.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, ikapita Mazinde, ikaendelea chini ya milima ya Upare hadi Moshi. Ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Safari hii watu wa milimani walianza kushuka, wengine kwa kazi za mkonge, wengine kwa biashara ya stesheni, na Hedaru, Makanya na Same zikaanza kuwa miji.